Konokono Walitangulia

Anemoni wa Umbilo alikuwa mzima.

Akimana alimtazama kwa muda wa kikombe kizima cha chai, ameinama mbele ya tangi la kioo katika fleti ya muuguzi mmoja mstaafu, mikono kaifunga mgongoni kama mtu aliyekatazwa kugusa. Mnyama yule alikuwa amejishika kwenye ufa wa jiwe. Mikono yake mingi, laini, ya kahawia yenye ncha za waridi, ilipepea na mkondo wa maji. Asiyejua angeapa kwamba ni ua. Samaki mdogo mwenye mistari ya rangi ya chungwa alijitia katikati yake, akajisugua, akatoka, akarudi tena.

"Tangu Jumamosi hajahama?" Akimana aliuliza.

"Hata unyayo," muuguzi akasema. "Ametulia kuliko marehemu mume wangu."

Akimana aliandika daftarini: *Umbilo. Jumamosi, saa tisa alasiri. Ndoo ileile, mrija uleule, mkono uleule. Mzima.* Akapiga mstari chini ya neno la mwisho, akashukuru kwa chai, akashuka ngazi.

Juvénal alikuwa anamsubiri ndani ya gari la kazi, gari dogo jeupe lenye samaki aliyechorwa mlangoni. Alikuwa kijana wa Kirundi, mwembamba, na mwaka wa sita huu alikuwa akisafisha na kutunza matangi ya watu mjini Durban.

"Mzima?"

"Mzima."

Juvénal alishusha pumzi, akawasha gari.

"Usifurahi mapema," Akimana akamwambia. "Huyu ametuambia ndoo yako ni safi. Hajatuambia nani aliyemuua mwenzake. Twende Queensburgh."

Huko Bujumbura, Akimana alikuwa amefanya kazi miaka minane katika polisi ya upelelezi. Hapa Durban aliuza vitenge katika soko la Warwick Junction, na Warundi na Wakongo waliomjua walimwita Inspekta, nusu kwa utani, nusu kwa heshima. Mtu akiwa na fundo lililomshinda, alikuja kuchagua kitenge ambacho hakuwa na haja nacho, na kabla hajaondoka fundo lilikuwa limewekwa mezani. Juvénal alikuja jana yake. Hata kitenge hakugusa. Alimpa simu tu, akasema, "Sikiliza, dada."

Ilikuwa sauti ya mwanamume, nzito, iliyotumwa kwenye kundi la simu lenye watu zaidi ya mia mbili:

*"Ndugu zangu, ni Peguy Ilunga wa Queensburgh. Mchunge huyu kijana Juvénal. Ametia sumu kwenye tangi yangu. Anemoni ya bibi yangu imekufa. Msimfungulie mlango."*

Wateja watatu walikuwa wamekwisha kumwambia asije tena. Mwajiri wake, Bwana Govender mwenye duka la samaki, alimpa mpaka Ijumaa saa kumi na moja jioni alete ushahidi kwamba si yeye. La sivyo, aache gari na kazi. Leo ndiyo Ijumaa. Saa ya gari ilionyesha saa nane na robo.

"Hujaniambia kwa nini wanasema ni wewe," Akimana alisema walipokuwa wamesimama kwenye robot.

"Kwa sababu maji yana shaba. Na mkobani mwangu iko chupa ya dawa ya samaki yenye shaba." Taa ikageuka kijani, akaondoa gari. "Dawa hiyo samaki anaivumilia ikipimwa vizuri, inamponya. Lakini anemoni, kamba, konokono, wote wasio na mifupa, hiyo kwao ni kifo."

"Uliitumia?"

"Kwenye tangi lenye anemoni? Inspekta, ni afadhali niwanyweshe wenye nyumba."

---

Peguy Ilunga, mtu mkubwa wa Lubumbashi mwenye duka la simu mjini, alifungua geti mwenyewe. Hasira haikumtoa kwenye adabu.

"Karibu, dada. Ingia, kaa. Huyo abakie nje."

"Ataingia, papa Peguy. Mtu hahukumiwi uani na kesi yake iko sebuleni."

Peguy alifikiri, akasogea mlangoni. Mkewe, Marie-Louise, alileta Fanta tatu kwenye sinia, akaongeza ya nne bila kuambiwa, akaiweka mbele ya Juvénal bila kumtazama. Macho yake yalikuwa mekundu.

Tangi lilichukua nusu ya ukuta. Maji yalikuwa maangavu. Samaki watano walizunguka. Mawe yalikuwa wazi kabisa, si konokono, si kamba, na mbele ya tangi kilikuwa kiti cha kitambaa kilichobonyea, kama kimelaliwa.

"Nani alikufa kwanza?" Akimana alianza.

"Anemoni," Peguy akasema.

"Hapana." Marie-Louise alikuwa mlangoni mwa jikoni. "Konokono walitangulia. Jumatatu asubuhi niliwakuta wameanguka chini, wote sita. Jumanne kamba wawili. Anemoni alijikunja, akakuwa mdogo kama ngumi ya mtoto, akafa Jumatano."

"Na samaki?"

"Samaki wako bien. Wanakula."

Akimana aliandika majina ya siku, moja chini ya nyingine. "Anemoni mwenyewe alikuwa amechanika? Vipandevipande?"

"Hapana, mzima mzima. Amelegea tu."

"Basi pampu haikumvuta," Juvénal alisema polepole. "Pampu ikimvuta anemoni anasagika kama nyanya, na sumu yake inaua hata samaki. Mimi pampu niliivisha sponji."

"Nani amekuuliza?" Peguy akang'aka.

"Mimi namuuliza," Akimana akasema. "Juvénal, nieleze Jumamosi. Taratibu, kama unamfundisha mtu ambaye hajawahi kuona hata sahani ya samaki."

Juvénal aliweka mikono magotini.

"Kwanza tangi lenyewe lina miezi kumi na minne. Tangi changa silipelekei anemoni, maji yake bado hayajatulia. Nilifika saa nne. Nikauweka mfuko wake juu ya maji, uelee mpaka joto lilingane. Kisha nikammimina kwenye ndoo na maji yake, nikamtia maji ya tangi kwa mrija mwembamba, tone moja moja, kwa saa mbili."

"Saa mbili!" Marie-Louise alinong'ona. "Kweli, alikaa pale chini saa mbili. Nikampa chakula, akala kwa mkono mmoja, mwingine ameshika mrija."

"Nikapima chumvi ya ndoo na ya tangi, zikawa sawa. Nikazima pampu, nikamweka kwenye ufa wa jiwe, sikumsukuma, nikamwacha ashike mwenyewe. Aliposhika, nikavisha sponji kwenye pampu, nikawasha. Taa nikazishusha mpaka thuluthi, zipande kidogo kidogo kwa wiki mbili. Nikamwambia mama asimlishe mpaka siku ya tano. Nikaondoka saa saba. Sijarudi tena."

"Hajarudi?" Akimana alimgeukia Peguy.

"Angerudi vipi? Geti iko na namba ya siri, kila anayeingia anaandikwa kwenye simu yangu. Hajarudi."

"Chupa."

Juvénal alifungua mkoba. Chupa ilikuwa ndogo, ya dawa ya buluu. Akimana aliishika kwa leso, akaielekeza dirishani. Utepe wa kiwandani ulikuwa bado umefunga kifuniko, haujakatika.

"Anaweza kuwa na ingine," Peguy akasema.

"Anaweza. Hata mimi ninaweza kuwa nayo. Ulipima shaba lini?"

Hapo Peguy alijitutumua kidogo. Alikuwa amenunua kipimo mwenyewe, akajifunza mwenyewe, na matokeo ameyaandika kwenye karatasi iliyobandikwa ubavuni mwa tangi. "Mimi ni mtu wa Katanga, dada, kwetu ni migodi ya shaba. Shaba hainidanganyi. Jumatano jioni: sifuri nukta nne. Jana nikatoa nusu ya maji, nikatia mapya: nukta mbili."

"Maji mapya ulitoa wapi?"

"Kwenye pipa, ile anatutengenezea yeye."

"Na leo?"

"Leo sijapima. Ya nini? Anemoni imeshakufa."

"Pima. Pima na ya pipa."

Peguy alikwenda kuleta vichupa vyake. Kwa mtu mkubwa vile, alikuwa na mkono mwepesi: matone matano hiki, matone matano kile, akatikisa, akavisimamisha mezani na kutazama saa. Dakika tano zikapita. Maji ya pipa yalibaki meupe kama yalivyotoka. Maji ya tangi yakabadilika rangi, naye akayalinganisha na kadi ya rangi, akayalinganisha tena dirishani.

"Eish," akasema.

"Ngapi?"

"Ngoja." Alimwaga, akasuuza, akapima upya. Dakika tano nyingine. "Nukta tatu. Mara mbili, nukta tatu."

"Pipa?"

"Hakuna kitu."

Akimana alifunga daftari. "Papa Peguy, wewe unapika?"

"Kidogo. Dimanche, Jumapili tu."

"Umetia chumvi kwenye mchuzi, imezidi. Umemwaga nusu ya mchuzi, umeongeza maji. Umefunika. Kesho ukionja, chumvi inaweza kuwa imepanda?"

"Haiwezi."

"Imepanda."

Peguy alitazama karatasi yake: nne, mbili, tatu. Midomo yake ilisoma bila sauti. "Basi iko mtu anaongeza chumvi," akasema.

"Au bonge la chumvi bado liko ndani ya sufuria. Dawa iliyomiminwa Jumamosi haiwezi kuongezeka kati ya jana na leo. Na huyu unayemshitaki, geti lako lenyewe linasema hajakanyaga hapa siku sita."

Juvénal alikuwa ameshika chupa ya Fanta kwa mikono miwili. Hakuinywa.

"Waya!" Peguy alisimama ghafla. "Waya ya pampu, ndani si ni shaba? Ikichubuka inavuja. Na pampu alileta nani? Yeye!"

Haikuwa hoja mbaya, na Akimana aliipa haki yake. Walizima umeme. Juvénal alitoa pampu, akatoa na kipasha joto, akazilaza juu ya taulo. Akimana alipitisha kidole kwenye kila waya, sentimita kwa sentimita, toka mwanzo mpaka kwenye plagi. Ngozi ya plastiki ilikuwa laini, haikuwa na hata mkwaruzo. Peguy akapitisha na chake, akarudisha umeme.

"Naomba ninawe mikono," Akimana akasema.

Njia ya kwenda jikoni ilipita mbele ya kabati la vioo. Ndani yake mlikuwa na vitu vya nyumba yoyote iliyobeba kwao ikaja nako: sahani ya mawe ya kijani, Biblia ya Kifaransa, vikombe visivyonywewa. Rafu ya katikati ilikuwa imetandikwa kitambaa cha mahameli chekundu, kilichopaushwa na jua la dirishani mpaka kikawa kama waridi kavu. Juu yake ilisimama picha ya harusi.

Akimana alisimama. "Picha nzuri. Lubumbashi?"

"Lubumbashi," Peguy alijibu kutoka nyuma. "Mama alikuwa mwembamba, mimi pia nilikuwa mwembamba. Hiyo picha si ilikuwa chumbani?"

Marie-Louise alisogeza sinia mezani, akalirudisha palepale.

Nyuma ya picha, mahameli hayakupauka mahali pote. Palikuwa na alama iliyobaki na wekundu wa mwanzo, jua halijaigusa, yenye mikono minne inayolingana, imekaa kama mtu aliyepanua miguu na mikono. Ilikuwa na upana wa kiganja na nusu. Akimana aliitazama kwa muda mfupi tu. Akaenda jikoni, akanawa, akakausha mikono kidole kimoja kimoja, akarudi na kukaa.

"Kitu hicho bado kiko ndani ya maji," alisema. "Tunaweza kutoa jiwe moja moja mpaka tukipate, lakini sioni haja. Aliyekiweka hakukiweka kwa ubaya. Anayetaka kuua haweki kitu chake cha thamani. Mimi nitakunywa Fanta yangu mpaka iishe. Nikimaliza, nitaanza na mawe."

Alikunywa. Pampu ilinguruma kidogo kidogo. Chupa ilikuwa imefika nusu Marie-Louise alipovua saa ya mkononi, akapandisha mkono wa blauzi mpaka begani, akapiga magoti mbele ya kijikabati cha chini ya tangi, mahali maji yanaposhuka kuchujwa. Alisogeza mfuko wa mkaa wa kuchujia, akazamisha mkono, akatoa msalaba mzito wa madini wenye umbo la ile alama ya kwenye kitambaa. Ulikuwa umeota kijani kibichi, na sehemu zilizokuwa zimeguswa na mchanga ziling'aa nyekundu.

"Krwazeti ya babu," Peguy akasema, na sauti yake ile nzito ikawa nyepesi.

Juvénal alimtazama Akimana, hakuelewa.

"Ni shaba tupu," Peguy alimweleza, bila kukumbuka kwamba anamweleza mshitakiwa wake. "Wazee wetu waliisubu hivi. Ilikuwa pesa, ilikuwa mahari. Hii ndiyo ukoo wangu ulimpa mama huyu siku ya ndoa."

"Nilimpa," Marie-Louise alisema, bado amepiga magoti, maji yakimtiririka kiwikoni. "Nilimwona alivyoletwa, ndani ya mfuko wa plastiki, amejikunja. Ametoka mbali, hajui mtu. Nikasema, mimi pia niliingia kwenu hivyo. Siku ile nilikuwa natetemeka mpaka mama yako aliponiwekea krwazeti mikononi. Ndiyo nilijua nimepokewa. Basi Jumamosi jioni, ulipoenda répétition, mazoezi ya kwaya, nikamwekea. Nilitaka kuitoa Dimanche. Dimanche nikaona amefunguka vizuri, nikasema imempendeza, acha ikae."

"Na uliposikia nasema shaba?"

"Moyo ulinilipuka. Lakini ulikuwa umeshatuma sauti yako kwa watu wote. Na kuitoa, ningeitoa saa ngapi? Siku mbili umekaa mbele ya tangi kama askari wa mpaka. Hata kulala umelala kwenye hicho kiti."

Peguy aliinama. Alichukua ule msalaba, akaukausha kwa shati lake mwenyewe. "Mtoto wa mchimba shaba," alisema. "Siku tatu nanusa shaba, kumbe iko chini ya miguu yangu." Akamshika mkewe mkono, akamwinua.

Ilikuwa saa kumi na dakika ishirini. Peguy alimpigia Bwana Govender, akaongea Kiingereza kifupi, cha mtu anayemeza dawa chungu: hapakuwa na dawa, hapakuwa na kosa la kijana wako, chanzo ni kitu cha nyumba yangu. Alisikiliza, akakata simu.

"Sharp. Anasema Jumatatu uje kazini kama kawaida. Bon. Imeisha. Kunywa Fanta yako."

"Haijaisha, papa," Juvénal akasema.

Alisema kwa upole, lakini chupa aliirudisha mezani.

"Bwana Govender hakuliharibu jina langu. Hata hajui Kiswahili."

Peguy alikuna shingo. "Nitaandika kwenye kundi."

"Hapana. Hukuandika. Ulisema. Wale watu wanaijua sauti yako."

Peguy alimtazama Akimana, kama anayeomba rufaa. Akimana alikuwa anatazama samaki.

Mara ya kwanza Peguy alisema, "Ndugu zangu, kumetokea kutoelewana kidogo..." Mkewe akatikisa kichwa. Akafuta. Mara ya pili alianza na hali ya hewa. Akafuta. Mara ya tatu alisimama, kama mtu anayetoa ushuhuda kanisani, akashika simu mbali kidogo na mdomo.

"Ndugu zangu, ni Peguy Ilunga wa Queensburgh, yuleyule wa Jumatano. Nilisema Juvénal ametia sumu kwenye tangi yangu. Niliongopa. Sumu ilitoka nyumbani kwangu, kitu changu, iliwekwa na mkono wa nyumbani kwangu. Nilimhukumu kabla sijapima mara ya pili. Kijana alifanya kazi yake vizuri sana. Mfungulieni mlango. Nimekosa mimi."

Kidole chake kilikawia juu ya simu. Kikashuka.

Juvénal aliinamisha kichwa. Kisha alivua viatu, akapandisha mikono ya shati, akalifunua tangi.

"Mawe yameshakunywa shaba, lazima yatoke yote," alisema. "Samaki nitawahamisha leo. Tangi tutaliosha, tulianze upya, tuliache likomae. Mwakani, mama, kama bado utataka anemoni, tutazungumza."

"Nitataka," Marie-Louise akasema.

Juvénal alikuwa amezama mpaka viwiko, jiwe la kwanza mikononi, simu yake ilipolia juu ya meza. Ililia, ikanyamaza. Ikalia tena. Akimana aliisogelea, akaona jina la mmoja wa wale wateja watatu, lakini kabla hajaigusa Marie-Louise alikuwa ameshaifikia. Alijifuta mikono kwenye kitenge, akabonyeza, akamwekea Juvénal simu sikioni, akaishikilia hapo kwa mikono miwili.

"Allô?" sauti ya upande wa pili ilisikika mpaka kwa Akimana. "Huyo ni Juvénal wa matangi?"

Maji yalidondoka kutoka kwenye jiwe.

"Ndiyo," akajibu. "Ni Juvénal mwenyewe."